Uliza Anti: Zahanati ya Mtaani Nayo Itibu Kichwa

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba magonjwa ya akili yatibiwe kwenye zahanati na kituo cha afya kilekile mnachoenda kupima presha na kuchanja watoto, siyo mpaka mgonjwa afungwe kamba apakiwe kwenye gari apelekwe Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Nyie! Meseji zimejaa, barua zimejaa, wengine mmenisema kidogo lakini tumezoeana. Nimechagua saba, majina nimetoa, na nimefupisha maana kuna aliyeandika kurasa utadhani hukumu ya mahakama. Niwakumbushe tu, mimi ni nesi mstaafu wa magonjwa ya akili, dozi siandiki gazetini.

Shikamoo anti. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, mwaka juzi alianza kuongea peke yake, halali, anasema majirani wanamsema kwenye redio. Mama alimzungusha kwa waganga mpaka cherehani ikauzwa. Mwishoni tukamfikisha hospitali ya mkoa akapewa dawa akatulia kabisa, akarudi hadi kwenye kazi yake ya kuosha magari. Sasa shida ni kufuata dawa kila mwezi, daladala mbili kwenda mbili kurudi na lazima mtu amsindikize, vitumbua siku hiyo siuzi. Tukikosa nauli tu anarudi kulekule. Zahanati ipo hapahapa ukiita wanasikia, nikaenda kuuliza dirisha la dawa yule dada akacheka, eti hapa hatuna dawa za vichaa. Hivi ndivyo inavyotakiwa? (Dada mtu, Mbagala)

Marahaba mwanangu, pole sana na mama mpe pole yangu. Hapana, sivyo inavyotakiwa, na kucheka alikosea, ila inawezekana kabisa hiyo dawa hana na hakuna aliyewahi kumfundisha itumikeje. Na niseme hili mapema, mdogo wako kurudia hali ile siyo jini limerudi wala siyo uzembe wenu, ugonjwa wa kusikia sauti ndivyo ulivyo, dawa ikikatika wengi wanarudia. Kwa familia kama yenu nauli ni sehemu ya matibabu sawa na kidonge chenyewe, na anayepanga huduma bila kuhesabu nauli huyo hajapanga kitu.

Wala wazo la kutibia karibu na nyumbani siyo geni hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali na Shirika la Afya Duniani, kwa hela za Wadenishi, walijaribu Morogoro na Kilimanjaro, wakafundisha wahudumu wa vituo vya chini kumtambua mgonjwa wa akili na wa kifafa, wakawapa dawa chache za msingi na wakubwa wa kuwatembelea. Kulikuwa pia na vijiji vya kilimo, kama kile cha Hombolo kule Dodoma, mgonjwa aliyetulia analima huku anapata dawa badala ya kuoza wodini. Sheria ya Afya ya Akili nayo tunayo tangu 2008. Kwa hiyo msiniambie hakuna aliyewaza. Ukiniuliza mimi tatizo limekaa stoo.

Iko hivi. Kituo kinaagiza dawa kulingana na kilichotumika na wagonjwa walioandikwa kitabuni. Mgonjwa wa akili akifika anaambiwa hapa hatutibu, anapanda gari anaenda mkoani, kitabuni hayupo. Mwezi unaofuata mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anajaza fomu ya kuagiza, anaangalia kitabu, haoni mgonjwa hata mmoja wa namna hiyo, anaagiza za malaria na za kuhara, na wewe ukija unaambiwa dawa hamna. Dawa haiji kwa sababu mgonjwa hajaandikwa na mgonjwa haandikwi kwa sababu dawa haijaja, na mzunguko huo unaweza kwenda miaka bila mtu yeyote kuwa mbaya. Ongeza kwamba nesi mmoja anazalisha, anachanja, anapima wajawazito, kisha unamletea kijana anayeongea na redio, ataogopa tu.

Sasa fanya hivi. Mkienda kliniki safari ijayo usitoke na dawa peke yake, mwombe daktari barua ya kumrudisha kwenye kituo cha afya cha karibu, iandikwe anaumwa nini, anatumia dawa gani, kiasi gani, na tarehe ya kurudi mkoani, labda baada ya miezi kadhaa siyo kila mwezi. Muulize na habari ya sindano inayokaa mwezi mzima kama inamfaa, wengine inawafaa sana hasa wanaochoka vidonge, wengine haiwafai, hilo aamue yeye. Ukishapata barua usirudi dirishani, nenda kwa mganga mfawidhi mwenyewe, asubuhi lakini kabla foleni haijamchosha, mwombe mdogo wako aandikwe na dawa iingie kwenye oda ijayo. Akikuzungusha, halmashauri kuna mratibu wa afya ya akili ofisini kwa mganga mkuu, kazi yake ndiyo hiyo, na mara nyingi ni nesi mwenzangu ambaye hakuna anayemtafuta. Tena usiende peke yako. Mtaani kwenu hamkosekani familia nyingine mbili tatu zenye mgonjwa kama wenu wamejificha, mkienda wanne oda inakuwa na maana. Kituo kina kamati yenye wajumbe wananchi, mjue mjumbe wenu ni nani.

Halafu kitu ambacho watu wanasahau, hizi dawa nyingine zinanenepesha na kupandisha sukari. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili wanakufa mapema kwa miaka 10 hadi 20 kuliko wengine, na wengi wao wanaondoka kwa moyo, sukari, vifua, magonjwa haya ya kawaida ambayo hakuna aliyewapima kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia kichwa. Sasa mashine ya presha iko wapi? Iko hapohapo zahanati. Ndiyo maana nang'ang'ania sehemu moja.

Akianza kukosa usingizi siku mbili tatu mfululizo, anakataa chakula, au anatishia kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo msisubiri barua wala tarehe, mkimbizeni. Na hela ikiwa hamna kabisa, kila hospitali kubwa ina afisa ustawi wa jamii, ndiye anayeandika msamaha kwa asiyejiweza. Muulizieni mapokezi, wasiojua wanalipa au wanarudi nyumbani.

Habari anti, mtoto wa dada yangu anaanguka kifafa, shuleni wamemkataza kukaa na wenzake wanasema mate yanaambukiza. Na kwa nini anapelekwa kliniki ya vichaa wakati hana kichaa? (Ulanga)

Haambukizi, si mate, si mkojo, si kumgusa akiwa ameanguka. Waambie walimu hivyo na nesi wa kituo aende shuleni kuwaambia, wanamsikia zaidi mwenye sare. Akianguka mlazeni ubavu, ondoeni vya kumuumiza, msimtie kijiko mdomoni, na mshike saa: ikizidi dakika 5 au akirudia kabla hajazinduka ni hospitali mara moja. Anapelekwa huko kwa sababu kwetu tangu zamani dawa za kifafa zinakaa na wauguzi wa akili, basi. Nyie wa Ulanga ndio mlitakiwa mtufundishe sisi, kliniki ya kifafa ya Mahenge ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Dk. Louise Jilek-Aall, na watu waliokuwa wametengwa kwenye vibanda walianza kumeza fenobabitoni, dawa ya bei rahisi kuliko karibu zote, wakarudi kula na wenzao. Dawa isikatwe ghafla hata akikaa miezi bila kuanguka, mpaka daktari aseme.

Anti shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, natumia ARV muda mrefu na wadudu, yaani virusi, hawaonekani kwenye kipimo. Mke wangu alifariki. Tangu hapo sina hamu na kitu, naamka usiku wa manane nakodoa dari, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, nakunywa mpaka nasahau dozi. CTC, kliniki ya VVU, wananiuliza tu kama nameza dawa nasema ndiyo. Naona aibu kusema mengine, mbele yangu na nyuma yangu kuna watu. (Makambako)

Marahaba baba, na pole kwa msiba. Umeshasema hapa, hiyo ngumu imeisha, sasa sema na kule.

Kuna maswali mawili tu ambayo kituo chochote kinaweza kumuuliza mtu kwa dakika moja: ndani ya wiki 2 zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa. Yakijibiwa ndiyo kuna mengine 7 yanafuata, yanauliza usingizi, hamu ya kula, uchovu, na kama unawaza kufa. Hayahitaji daktari bingwa wala mashine. CTC nyingi zina rejista nzuri, zina tarehe zako, zina watu wa kukupigia simu ukipotea, sonona, huo ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, ingechukuliwa humohumo ingekuwa rahisi kuliko kuanzisha kliniki nyingine ya peke yake, na mwenye sonona ndiye huyohuyo anayeacha ARV, kwa hiyo hata kwa hesabu ya VVU tu inalipa. Mimi huwa nashangaa mtu anapimwa damu kila baada ya muda, karatasi inarudi imeandikwa wadudu hawaonekani, wote wanapiga makofi na mwenyewe halali.

Siku ya kliniki fika mapema au uwe wa mwisho, mwambie nesi "naomba kuongea pembeni kidogo," maneno hayo hayo, wameyazoea. Mwambie mambo matatu: mke, usingizi, ulanzi. Kama usingizi ulivurugika ulipobadilishiwa dawa sema na hilo, inatokea. Na pombe, sikia vizuri, kama unakunywa kila siku tena nyingi usiache ghafla peke yako nyumbani kwa kiburi, wengine wanatetemeka wanapata degedege na wanaweza kufa, punguza ukiwa chini ya macho ya mtu wa afya. Dozi uliyosahau usiione sababu ya kukata tamaa, meza ukikumbuka kama ulivyofundishwa. Na kama lile swali la mwisho la kuwaza kufa jibu lako ni ndiyo, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda leo, na usilale peke yako ndani, mwambie kaka yako au rafiki unayemwamini.

Mke wangu alijaribu kujiua mwezi uliopita. Tulimtibia nyumbani kwa sababu tuliambiwa hospitali wanaita polisi. Sasa yuko kimya sana. (Mwanza)

Mpeleke kesho asubuhi, na usiku wa leo asiachwe peke yake. Ni kweli kifungu cha 217 cha sheria yetu ya makosa ya jinai bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mimi naona kinaua watu kwa kuwafungia majumbani kama mlivyofungiwa nyie. Ghana walifuta cha kwao 2023, na Kenya Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao kinakwenda kinyume na katiba. Ila sheria isikucheleweshe, mgonjwa akifika anatibiwa, na wewe ukifika sema mke wangu anaumwa sonona naomba aonwe haraka. Dawa za shamba na vidonge vyote vitoke nyumbani, peleka kwa jirani. Na muulize waziwazi kama bado anawaza kufa. Kumuuliza hakumtii wazo, kunampa nafasi ya kusema.

Anti mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nimepita mafunzo nimepewa begi na kitongoji changu. Nazunguka kaya, naulizia chandarua, choo, wajawazito, lishe. Lakini karibu kila nyumba nikikaa dakika kumi mama anaanza kulia, mume, madeni, mtoto aliyepotelea mjini. Sijui nifanye nini nabaki kusema pole. Kwenye fomu zangu hakuna hata kisanduku cha hilo. (Kilwa)

Wewe ndiye barua yako nimeisoma mpaka imechakaa.

Mpango mliomo ulizinduliwa Januari 2024, lengo likatajwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, na ulivyoandikwa ni wa pamoja, yaani siyo mmoja wa kifua kikuu mwingine wa uzazi mwingine wa malaria kama zamani tulivyokuwa tunagongana mlangoni kwa mama mmoja. Hiyo ni hatua kubwa. Sasa kichwa nacho kiingie humo na kiingie kweli, siyo sentensi moja kwenye hotuba.

Kwamba mtu asiye daktari anaweza kusaidia, hilo halina ubishi tena. Harare, Zimbabwe, kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 aliambiwa hamna vyumba hamna manesi, akaanza mtaa wa Mbare na bibi 14 waliokuwa wahudumu wa jamii, kila mmoja na benchi la mbao nje ya kliniki chini ya mti. Bibi anakaa na mgonjwa, anamwacha aseme yote, wanaorodhesha matatizo, wanachagua moja, moja tu, wanapanga hatua ndogo ya wiki hii, wiki ijayo anarudi wanaangalia ilikwendaje. Vikao 6. Walipoipima kwenye kliniki 24 na watu 573, matokeo yakatoka 2016, baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7, na wale waliopata huduma ya kawaida asilimia 49.9. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar. Nairobi nako Shirika la Afya Duniani walijaribu njia yao inayofanana, wanawake wa kawaida waliofundishwa wakakaa vikao 5 na wanawake wenzao, 421 walishiriki, wengi walikuwa wamepigwa au kudhulumiwa na wanaume, na msongo ulipungua kuliko kwa wale walioonwa na manesi kama kawaida.

Ona sasa wale bibi hawasemi "usijali yatapita" na hawatoi mahubiri. Wewe ukikaa na yule mama anayelia, usiruke kwenda kwenye ushauri. Muulize katika haya yote lipi likipungua kidogo utapumua? Akisema deni la kikoba, kaa hapohapo kwenye deni, mume mwacheni kwanza. Anadaiwa na nani, ni nani kati yao anaweza kuongea naye wiki hii, atamwambia nini, aseme kwa maneno yake wewe ukiwa yule mdai. Nimeona mama akifanya igizo hilo akacheka katikati ya machozi, na akaenda kweli akapewa miezi miwili. Hakupona kila kitu. Alilala.

Ila kuna mipaka. Anayesikia sauti, anayetaka kufa, mzazi aliyejifungua juzi na hataki kumwona mtoto, mlevi anayetetemeka asubuhi, hao siyo wa kukaa nao kwenye mkeka vikao sita, hao unawashika mkono unawapeleka kituoni siku hiyohiyo, na unaporudi unawafuatilia. Siri nayo. Kitongoji ni kidogo, ukisema bombani alichokuambia mama fulani, umemaliza kazi yako na ya watakaokuja baada yako. Usiandike kwenye daftari ambalo mume wake anaweza kulisoma.

Na nani anakusikiliza wewe? Hapo ndipo miradi mingi ninayoijua ilipofia. Watu wanafundishwa semina ya siku tano, wanapigwa picha na vyeti, baada ya hapo hakuna anayewatembelea, wanabeba machozi ya kijiji kizima mpaka nao wanaanza kukwepa nyumba. Mwombe nesi wa kituo chenu mkutane hata mara moja kwa mwezi wahudumu wote, kila mtu alete kisa kimoja kilichomshinda. Hiyo haina gharama. Posho ina gharama na lazima ilipwe kwa wakati, sitaki kusikia habari ya moyo wa kujitolea kutoka kwa mtu mwenye mshahara. Kuhusu kisanduku kwenye fomu, mpaka kiwekwe, andika pembeni kwa idadi tu bila majina, mwezi huu kaya ngapi, na mpe mganga mfawidhi karatasi hiyo. Rudi kusoma jibu la Mbagala hapo juu uone kwa nini namba zinaleta dawa.

Jambo dada. Sisi ni Wakongomani, tulikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi ndipo tukaletwa hapa Louisville, Kentucky. Mama yangu halali, anaona vita tena, anasema kichwa na tumbo vinamuuma kila siku, daktari alipima akasema hakuna kitu. Bima yake imekwisha. Mtoto wangu wa miaka 12 ndiye anatafsiri, na mama hawezi kusema mbele ya mtoto mambo yaliyompata. (Binti wa Fizi)

Jambo mpenzi. Kitu kipo, hakionekani kwenye picha ya tumbo tu. Mtu aliyepita vita mara nyingi mwili ndio unasema kwanza.

Marekani ni nchi ya bili na nyie mnaijua kuliko mimi, lakini kwa watu wa kipato kidogo ina milango miwili ambayo wageni wengi hawaambiwi. Mmoja ni vituo vya afya vya jamii, vilianza miaka ya 1960 Boston na kule Mound Bayou, Mississippi, vinapokea mtu hata asiye na bima na unalipa kulingana na kipato, kwa hiyo nenda na karatasi za mshahara au barua inayoonyesha hamna mshahara. Vingi vina mtu wa ushauri nasaha ndani ya jengo lilelile la daktari, mama anaweza kuingia kwa ajili ya tumbo akatoka ameongea na mtu. Mlango wa pili unaitwa CCBHC, ni kliniki za afya ya akili na uraibu zilizotokana na sheria ya 2014, zilianza 2017 kwenye majimbo 8, na Kentucky iliongezwa 2020 pamoja na Michigan. Masharti yake nayapenda: hawaruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu hana hela wala kwa sababu ya anapoishi, huduma ya dharura saa 24, mtu mpya apate nafasi ndani ya siku 10 za kazi na mwenye haraka siku moja ya kazi, na wanapima hata presha na sukari. Natamani kwetu tungeyanakili hayo masharti hata nusu.

Habari ya mtoto, mwache akacheze. Kliniki inayopokea hela za serikali ya Marekani lazima itoe mkalimani bure na hairuhusiwi kumtegemea mtoto isipokuwa dharura. Ukipiga simu ya kuweka miadi sema kabisa mnataka mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, mwanamke, na kama mama moyo wake unasema kwa Kibembe ombeni wa Kibembe. Dokezo la pembeni: ombeni wa kwenye simu wa mbali, maana wa mjini hapo huenda mnasali naye kanisa moja, mama akimwona atanyamaza. Usiku mambo yakizidi namba ni 988, ipo tangu Julai 2022, akipokea tamka tu "Swahili" usikate, wataunganisha mkalimani, ila hiyo ni kwa kupiga siyo kwa meseji.

Anti mwanangu anatumia unga, heroini, nimesikia kuna dawa ya kunywa inaitwa methadoni. Wengine wananiambia nitakuwa nimembadilishia tu ulevi. (Mama, Tanga)

Mama, pole. Methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011 na sa hivi imefika mikoa mingi hadi hapo Tanga kwenu, na ni bure. Anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inakata, hahitaji kuiba wala kujidunga, na akili inapata nafasi ya kufikiri. Kubadilishiwa ulevi siyo hivyo, haimlevyi ikiwa dozi imepangwa sawa, na wapo waliooa wakarudi kazini wakiwa nayo. Itachukua miaka, nisikudanganye. Hapohapo kliniki wanapima VVU na kifua kikuu na kuna watu wa saikolojia na ustawi, mlango mmoja, ndiyo hicho ninachokiimba tangu juu. Shida yake kubwa ni ileile ya Mbagala, kwenda kila siku kunataka nauli kila siku, na teja asiye na nauli unajua anaitafutaje. Kwa hiyo kabla hamjaanza kaeni muulizane nani atatoa nauli au atalala wapi karibu, na siku ya kwanza nenda naye wewe mwenyewe, wanapenda kumwona ndugu. Akiruka siku kadhaa asirudi kunywa dozi ile ile kimya kimya, awaambie, maana watampunguzia kwanza kwa usalama wake. Na asichanganye na pombe wala valiamu, hapo ndipo watu wanalala hawaamki.